Kikohozi cha Mtoni

Mama yangu hakusimulia hadithi akiwa amekaa bure. Lazima mikono iwe kazini. Alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akamwaga wimbi, na jiwe likianza kunguruma ndipo naye alianza. Kwetu Gesima mvua hushuka karibu kila alasiri, na ikishuka na mawe hakuna anayebaki shambani kuchuma majani chai. Tulikimbilia jikoni na vikapu vyetu, tukakaa karibu na moto, tukanuka moshi na nguo mbichi. Majirani walimwambia kwamba hadithi ni za jioni, mchana hazisimuliwi. Mama aliwajibu, "Tazameni nje. Mnaliona jua? Basi ni jioni."

Alikuwa na sharti moja. Kila alipomaliza sentensi, msikilizaji aitikie "ee". Usipoitikia, hadithi inasimama na jiwe linasimama, na ukitaka ugali wa wimbi siku hiyo utaitikia tu.

Mimi nilikuwa mtoto wa kusumbua. Nilitaka hadithi iwe vile vile ilivyokuwa jana. Jana mwanamke alivuka mto akiwa amevaa shanga nyekundu, leo ni nyeupe, nami nilinyanyuka. "Mama, ulisema nyekundu."

"Ee, karani," alisema. "Andika nyeupe. Nyekundu zimefuliwa."

Sikucheka. Usiku niliirudia kichwani neno kwa neno, na nikikosea nilianza upya. Hata leo niko hivyo. Ukurasa huu nimeuandika na kuuchana mara nyingi kiasi kwamba naona haya kusema.

Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini alibadilisha. Kila aliyeingia jikoni aliwekewa kitu chake ndani ya hadithi. Mke wa jirani alikuja kuazima chumvi wakati kuku wake amepotea, na ghafla katika ile hadithi, ambayo haikuwa na kuku hata mmoja, akatokea kuku mwekundu ameketi juu ya mayai ng'ambo ya mto. Yule mama akavuta kigoda. Mvua iliisha, bado yupo, chumvi mkononi. Nilidhani mama anaharibu hadithi. Kumbe alikuwa anafungua mlango.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mvua kubwa ilizima moto katika kila nyumba ya kilima kimoja. Mwanamke mmoja akawaacha watoto wake na kwenda kutafuta moto ng'ambo ya mto. Akapewa makaa, akayabeba katika kigae. Alipofika mtoni kurudi, mto ulikuwa umejaa, ukamwambia, nipe kitu ndipo upite. Akaupa shanga. Ukamwambia, bado. Akaupa leso yake. Ukamwambia, bado. Mwisho akaupa sauti yake, akapita. Alifika nyumbani na moto, lakini hakuweza kuwaita watoto wake, nao wakaogopa kumfungulia mtu wasiyemsikia akisema. Ila mtoto mdogo kuliko wote alimjua, akafungua.

Hapo mama aliacha kusaga, akakung'uta unga mikononi. Alimjuaje? Niliuliza kila mara, kwa sababu sikupenda kitu kinachoning'inia. Hakunijibu hata siku moja. "Wewe ungemjuaje?" aliniuliza, akainuka kutafuta sufuria.

Mwaka dada yangu mdogo alipoanza kutembea, mama alianza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni vumbi la unga. Kikohozi kilimjia hasa akiinama juu ya jiwe, na kwa kuwa mto ulikuwa katikati ya hadithi, na katikati ya hadithi ndipo alipokuwa amechoka, kikohozi kilikuja pale pale, mwanamke akiwa ameingia majini. Alikohoa, akashika kifua, akameza mate, akaendelea, "Mto ukamwambia, bado." Nasi tuliitikia "ee".

Alipelekwa hospitali Kisii, akarudi, akapelekwa tena. Mara ya mwisho alirudishwa ili azikwe. Alizikwa kando ya nyumba, upande wa migomba. Baba alikuwa akifanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho. Alikuja, akazika, akakaa siku chache akitazama chini, kisha akarudi kazini, kwa maana kazi haikumngoja. Mimi niliacha shule nikabaki na nyumba, chai na mtoto. Kiswahili hiki ninachoandika nilijifunza peke yangu baadaye, katika magazeti yaliyofungia nyama na sukari. Habari nyingi nilizisoma bila mwisho, kwa sababu mwisho ulikuwa umefungia nyama ya mtu mwingine.

Dada yangu, ambaye wakati huo alishajua kusema, hakulia. Aliacha kusema, basi. Alikaa mlangoni akitazama njia ya kutokea Kisii.

Ndipo alipokuja mama mdogo, mdogo wake mama yangu, kutoka Nyamarambe. Mumewe alikuwa na duka huko, na hawakujaliwa mtoto. Ilikuwa imeshaamuliwa na wakubwa kwamba atamchukua dada yangu mvua zikipungua, na sikuwa na la kusema. Kwetu mdogo wa mama ni mama. Hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kinachukuliwa.

Tulikuwa tunachambua mboga aliponiambia, bila ukali, "Mtoto usimtajie marehemu. Akiuliza mama yuko wapi, mwambie ni mimi."

"Na akikumbuka?"

"Umri huo hawakumbuki, mwanangu. Ni watu wazima ndio wanaowakumbusha."

Niliogopa kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilijua nimempoteza mama. Sasa niliona kwamba atapotea hata kwa mtoto wake, kabisa, kana kwamba hakuwahi kupita duniani. Na nilikuwa nimekatazwa kumtaja. Lakini hadithi sikukatazwa.

Basi mvua iliponyesha nilipiga magoti mbele ya jiwe. Nilimweka mama ndani ya hadithi. Yule mwanamke nikampa kidole cha mama, kile cha mwisho cha mkono wa kushoto kilichopinda kama ndoano. Nikampa alivyofunga kitambaa, fundo juu ya sikio. Nikampa wimbo wake usio na maneno aliouimba akichuma chai. Hii hadithi niliijua kuliko jina langu, na niliisimulia safi, bila kukosea hata mara moja. Mtoto alinitazama kama anavyotazamwa mgeni. Hakuitikia. Kwa sharti la mama ilinibidi kunyamaza, nikanyamaza, tukakaa hivyo na kelele za mvua.

Siku nyingine, hivyo hivyo. Nilimlaumu, kisha nikajilaumu. Nilidhani sauti yangu ni nyembamba mno. Nilijaribu kuifanya nzito, jirani akauliza kutoka nje kama nina mafua.

Kisha alasiri moja nilifika mtoni. Mwanamke aliingia majini, mto ukamwambia, bado. Mtoto akanishika goti. Alisema neno lake la kwanza tangu mazishi.

"Kohoa."

Nilijifanya sikusikia. Kile kikohozi nilikuwa nimekiondoa kwa makusudi. Kwangu hakikuwa sehemu ya hadithi, kilikuwa ugonjwa, ndicho kilichomuua. Nilikuwa nimeifuta hadithi kama mtu anavyofuta meza.

"Bado kukohoa," alisema, na sasa alikuwa amekasirika. "Mtoni anakohoa."

Nikakohoa. Nilishika kifua kama alivyoshika, nikameza mate kama alivyomeza. Uso wa mtoto ulifunguka. "Ee," alisema. "Ee. Ee." Aliitikia kwa yote ambayo hakuwa ameitikia, akapanda mapajani mwangu, akalala hapo hapo kabla mwanamke hajafika nyumbani.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila mvua, hadithi. Kila hadithi, kikohozi. Na kila mara usingizi ulimchukua baada ya mto, kwa hiyo sikupata hata siku moja kumsimulia mwisho. Sikuhangaika. Nilifikiri nina muda. Mvua zilipungua, mama mdogo akarudi na nguo mpya ya maua, akambeba.

Miaka ilipita kabla sijafika Nyamarambe. Chai haimwachi mtu. Ukikosa kuchuma leo, kesho jani limekomaa na kwenye kituo cha kununulia chai hawalipokei. Huo ndio udhuru niliompa kila mtu. Ukweli ni kwamba nilitaka kwanza kujua nitakachosema. Nilipanga sentensi, nikazipangua. Nilikuwa msichana mkubwa, wa kutafutiwa mume, nilipopanda gari hatimaye kupitia Kisii mjini, na hata siku hiyo nilikuwa nikirudia midomoni, Mimi ni dada yako wa tumbo moja. Mama yetu alikuwa na kidole kilichopinda.

Mama mdogo alinipokea kwa furaha. Alimwita dada yangu. "Njoo umsalimie dada yako wa Gesima." Hakusema uongo, kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu vile vile. Msichana alinipa mkono akiinama kidogo, kwa adabu. Ana meno ya mama. Akarudi nyuma ya duka, ambako watoto wa jirani walikuwa wakimsaidia kubambua maharagwe juu ya gunia. Wengine walikuwa watoto wa askari kutoka mbali, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Wingu lilikuwa limefunga. Mabati yakaanza kulia.

"Dada, ile ya mto!" mmoja alisema.

"Mmesikia mara ngapi nyinyi?"

"Huyu hajasikia. Ni mgeni."

"Yeye ni mkubwa, hataki za watoto."

"Nataka," nilisema.

Akaanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni kati ya duka na ule ua uliofunikwa mabati. Mwanamke wake alifunga kitambaa fundo juu ya sikio. Alikuwa na kidole kama ndoano. "Kama cha mwalimu wetu!" alisema mtoto wa askari, na papo hapo dada yangu akamwambia, "Ee, hata yeye alikuwa akikunja kidole hivyo hivyo akiita watoto wasiofua kaptura." Wakacheka. Nilijua amepata wapi ujanja huo, yeye hakujua.

"Mto ukamwambia, nipe kitu."

"Kwani mto unakula shanga?"

"Wewe unakula udongo, nani amekuuliza? Itikia."

"Ee."

"Akaingia majini." Hapo aliacha maharagwe, akashika kifua, akakohoa. Kilikuwa kile kile, kikavu, na kile kipumziko kidogo kabla ya kumeza mate. Watoto walikuwa wamekingojea. Wote wakakohoa, wakashika vifua, wakaangukiana juu ya gunia wakicheka, na mdogo wao akakohoa mpaka machozi yakamtoka kwa raha.

Niligeuka kutazama dukani. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma ya mizani, mkono ndani ya mfuko wa sukari, mteja akingoja.

"Sikuwahi kumkataza," aliniambia kwa Kikisii, chini chini, mteja alipoondoka. "Mwaka wa kwanza nilitaka. Nikaona nitakuwa nimemzika dada yangu mara ya pili. Kila akifika hapo mtoni, huwa naacha kupima."

"Anajua anayekohoa ni nani?"

"Hajui." Alijifuta uso kwa leso. "Ukimwambia, ataanza kumlilia. Sasa anamcheka. Lakini wewe ndiye mkubwa wake. Sitakufunga mdomo tena."

Nilirudi nyuma ya duka na sentensi zangu zote. Mvua ilikuwa imepungua na watoto wameitwa makwao. Dada yangu alikuwa akikusanya maganda.

"Hadithi hiyo uliitoa wapi?" nilimwuliza.

"Sijui. Naona nilizaliwa nayo." Akanitazama. "Mbona una machozi, dada? Ni hadithi tu."

"Inaishaje?"

"Anafika na moto, anaita, sauti hakuna. Watoto hawamjui. Anaacha moto mlangoni, anaenda zake. Wanauota." Aliinua mabega. "Watoto wa hapa hawaupendi mwisho huo. Wananiambia nibadilishe, lakini sina mwingine."

Nilikaa kwenye gunia. Ingekuwa rahisi kumwambia. Maneno yalikuwa tayari, nilikuwa nimeyasugua miaka mingi, na nilipoyatazama niliona hayana mlango wa kumwingiza mtu yeyote. Nikachukua ganda la haragwe ili mikono iwe kazini.

"Kulikuwa na mtoto mdogo kuliko wote," nilisema. "Huyo alimjua."

Alingoja. Nami nilingoja, kwa sharti.

"Ee," alisema.

"Akafungua mlango."

"Ee. Lakini alimjuaje? Si hakuwa na sauti?"

Mwisho wa hadithi ya mama sijawahi kuuongezea neno. Hii ndiyo mara pekee.

"Alimjua kwa kikohozi," nilisema.

Dada yangu aliacha maganda. Alinitazama muda mrefu, kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni, ambako mama mdogo alikuwa amekuja kusimama na mikono yenye sukari. Mkono wa dada yangu ulipanda polepole ukashika kifua, mahali pale pale, lakini hakukohoa.

Nilingoja aitikie. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati. Hakuitikia, na sikuweza kuendelea.