Mlima Uliogeuzwa

Mwaka 1974, katikati ya kipupwe, picha ya mlima nusura iniulie mdogo wangu.

Wajukuu zangu wa mtandaoni, someni bila kuruka mistari.

Mdogo wangu alikuwa mpima miamba. Alipanda mlimani na mwenzake. Mwenzake akarejea peke yake, kamera shingoni, akazimia kabla ya kutamka neno.

Palibaki filamu tu.

Mume wangu, mpiga picha, aliisafisha mbiombio katika chumba chetu cha giza. Chini ya taa nyekundu, picha ya mwisho ikajitokeza polepole ndani ya dawa: jabali jeusi, anga nyeupe, na mdogo wangu ameketi kwenye ufa ulio kushoto mwa kilele, ameushika mguu wake.

"Ni kushoto!" wakasema waokoaji, wageni wa mlima ule, waliokuwa wakiisubiri dukani.

Wakailinganisha na picha ya mlima huohuo iliyoning'inia dukani mwetu. Zikafanana. Wakaondoka nayo.

Mchana niliingia chumba cha giza kupangusa meza. Filamu ilikuwa ingali ndani ya mashine ya kukuzia picha. Upande wake unaong'aa, ambao sharti uielekee taa, ulikuwa umeangalia chini.

Nikamwita mume wangu.

"Baba watoto, filamu umeiweka kinyume! Kushoto ndiko kulia!"

"Usinifunze kazi, mama watoto. Kwani hii si sawa na ile ya dukani?"

"Na ile ya dukani uliiwekaje?"

Akaichomoa filamu, akaiinua kwenye mwanga.

"Wateja huupenda zaidi mlima ukiinamia upande ule," akasema. "Mkono umekwishazoea. Umekwenda wenyewe."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiuza mlima uliogeuzwa!

Nikaivamia simu. Kituo cha walinzi wa mlima hakikupokea. Nikapiga tena.

"Wamekwishapanda, mama," mlinzi akasema. "Ukungu ni mzito, hata pua yangu siioni."

"Basi ifuate hiyo pua usiyoiona, uwakimbilie! Ufa ni wa kulia!"

Walimkuta jioni, mguu umevunjika, sauti imekauka. Yu hai.

"Shemeji," alimwambia mume wangu hospitalini, "umeniua kushoto, dada amenifufua kulia."

Tulicheka sote isipokuwa mume wangu.

Wajukuu, uongo mdogo unaopendeza huuzoesha mkono, na mkono uliozoea hauombi ruhusa.

Kipupwe chote kilichosalia alishinda katika chumba cha giza. Kisha akapita mlango kwa mlango, akamrudishia kila mteja mlima wake, kilele kikiwa mahali Mungu alipokiweka.