Madame wa Majengo

"Dume yako haina kitu, papa Kakule. Inakuja hapa, inakula maganda yangu yote ya ndizi, inaachia batoto batatu. Mbuzi ya Mama Victoire ilizaa babili, na hakuna mutu anaiita nguruwe."

Kakule alisimama mulangoni mwa Perpétue, kamba mukononi. Katika mutaa wa Majengo mwenye dume halipwi pesa ya makuta: watoto wakikaribia kuacha kunyonya, anakuja kuchagua mumoja, kabla mwenye nyumba hajachagua wake.

"Batatu ni batatu, mama. Mumoja ni wangu."

"Wangekuwa kumi ningekupa bila kusema kitu."

"Miye sikuzaa. Aliyezaa ni ule pale."

Ule pale alikuwa amejilaza kwenye ukuta wa mawe ya volkano, muviringo, anang'aa, anahema kama mutu amepanda mulima. Perpétue alimuita Madame. Wakati ule serikali ilikuwa imekataza neno hilo, na wanawake wote waliitwa citoyennes, wananchi. Madame alibakia mumoja tu mu Majengo, na alikuwa nguruwe.

Perpétue alimuchagua mwenyewe, kati ya dada wawili wa tumbo moja, ili awe mama wa zizi lote. Wenzake walimwambia: jike la kuzaa linapinduliwa, linahesabiwa chuchu. Akawajibu kwamba yeye hafugi chuchu, anafuga nguruwe. Akapenda mugongo wa Madame, mashavu yake, na namna alivyoonyesha kwamba nyumbani watu wanakula. Dada yake, murefu na mwembamba kama ubao wa kitanda, Perpétue alimuachia Mukamugema wa mutaa wa Ndosho kwa kikapu cha maharagi, tena akicheka.

"Fika Ndosho," Kakule alisema. "Ile ya Mukamugema ilipandwa na dume ile ile, juma lile lile. Ukikuta ilizaa vibaya, sikudai tena."

Perpétue hakungoja kuambiwa mara mbili. Kesho yake alivaa kitenge cha misa, na kila aliyemusalimia njiani alimuelezea kwamba anakwenda kutafuta cha kufunga mudomo wa Kakule. Watu wakamutakia safari njema.

Kwa Mukamugema, ule ubao wa kitanda ulikuwa umelala ubavu. Watoto kumi na mumoja walikuwa wamejipanga kwa tumbo lake, wananyonya, kila mumoja na pahali pake, na chuchu zingine zilikuwa bado zinangojea wageni.

"Karibu, mama. Umekuja kuangalia mutoto wako?"

"Napita tu."

"Unapita kwenda wapi? Nyuma yangu ni mawe matupu."

Perpétue akakaa. Mukamugema akamupa maji, akaendelea bila ubaya wowote:

"Siku ile nilimupindua, nikakuta chuchu kumi na ine, zimepangana vizuri. Nikakuuliza mama yake alikuwa anazaa ngapi. Ni weye ulinijibu: kumi, na hajalalia hata mumoja. Nikashangaa unaniachia. Nikafikiri uko na siri yako."

"Nilikuwa nayo," Perpétue alisema. "Naona imenishinda na miye."

Alirudi kwa njia ya nyuma, ile ya mawe makali, kwa sababu njia nzuri ilikuwa imejaa watu aliowaaga. Alipofika alipiga magoti zizini, akapindua tumbo la Madame kwa mara ya kwanza. Chuchu kumi, na mbili kati ya hizo zimeingia ndani kama macho ya mutu anayesinzia. Akaangalia ule mugongo, yale mashavu, ile miguu mifupi inayolalamikia uzito. Akaelewa kwamba siku ile hakuchagua nguruwe. Alijiangalia mu kioo, akapenda.

Halafu akapindua watoto. Wawili walikuwa Madame mutupu. Wa tatu, jike mwembamba ambaye Perpétue alikuwa akimufukuza na mufagio, alikuwa murefu, chuchu kumi na ine, sawasawa. Hapo ndipo moyo ulimuuma: mama wa zizi alikuwa huyu, na wa kuchagua kwanza ni Kakule.

Mutu mwingine angekuwa amejifunza kitu siku ile. Perpétue alimuogesha mumoja wa wale wanene kwa sabuni, akamufunika mwembamba na kikapu, akatuma kuitisha Kakule.

"Ulifika Ndosho?"

"Nilifika. Hakuna maneno. Chagua."

Kakule akamuangalia munene anayenukia sabuni, akamuangalia mwenzake. Akatafuta wa tatu kwa macho. Kikapu kikalia, kikaanza kutembea kuelekea mulango.

Perpétue akakifuata, akakifunua.

"Huyu nilikuwa nakuwekea," alisema.

"Naona, mama."

Kakule akamupindua, akahesabu taratibu, akamufunga kamba. Ilikuwa haki yake, na hata mbuzi ya Mama Victoire ilijua hivyo.

"Huyu akizaa," Kakule alisema mulangoni, "jike la kwanza ni lako, utakuja kulipindua mwenyewe. Si kwa kulipenda sura. Madame mumupeleke kwa nyama."

"Na maganda yangu, yale dume yako ilikula?"

Kakule akasimama. "Hayo nitalipa na nini, mama?"

Perpétue akaangalia kikapu kitupu, akacheka peke yake mupaka machozi.

"Enda," alisema. "Nimekuachilia."