Redio Kubwa ya Bei Rahisi

Siku baba aliponunua redio tulikwenda dukani watatu, yeye, mama na mimi. Bibi, mzaa mama, alikuwa mgonjwa kwao Kilolo, na mjomba alishasema kwamba likitokea la kutokea atapeleka tangazo redioni, maana barua kufika Mbeya ilikuwa kazi. Ndivyo tulivyopata habari za misiba miaka hiyo ya sabini. Matangazo ya vifo yakianza, nyumba nzima inanyamaza.

Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole, alituwekea redio mbili. Moja ya mezani, ya mbao, yenye betri nzito ya kutosha kumchosha mtu. Nyingine ndogo, ya mkanda, ya kuning'iniza begani. Ile ndogo ndiyo ilikuwa ghali, tena tofauti yake ni bei ya mbuzi mzima.

Baba alikuwa seremala, mtu wa kupima kila kitu kwa mbao iliyotumika. Aliuliza kama ndogo inashika stesheni nyingi zaidi. Haishiki. Kama sauti yake ni kubwa zaidi. Wala.

"Sasa nalipia nini?"

"Mzee, vitu vya ndani ni vilevile," alisema mwenye duka. "Kuvibana viingie humo ndiyo kazi. Udogo unalipiwa."

Baba alicheka sana. Mama akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, chukua hiyo ndogo. Nitakwenda nayo Ubaruku." Kule tulikuwa na shamba la mpunga, na kila msimu mama alihamia huko wiki kadhaa kufukuza ndege. Baba akasema hawezi kulipa kingi apewe kidogo. Akabeba ya mbao, akaichongea na meza yake. Niseme kweli, hata mimi niliringa nayo majirani wa mtaa wetu wa Ilomba walipokuja kuitazama.

Mpunga ulipoanza kukomaa, mama na mimi tukaenda shambani, redio ikabaki nyumbani juu ya meza yake. Alasiri moja baba akatokea, matope hadi magotini. Mama alimwona kwa mbali akaangusha kombeo. Tangazo lilikuwa limesomwa juzi yake, na basi alilopanda baba lilikwama njiani, akalala humo. Ubaruku iko njiani ukienda Iringa, na Kilolo ni hukohuko Iringa. Kama tungelisikia wenyewe, tungewahi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tulifika Kilolo kaburi limeshafukiwa. Mjomba alisema walimsubiri mama siku nzima, jeneza halijafungwa. Mama hakulia. Alitaka kujua tangazo lilisemaje, neno kwa neno, na kama yeye alitajwa.

"Jina lako ndilo lilikuwa la kwanza," mjomba akasema. "Lilisomwa mara mbili, jioni na asubuhi. Tukajua umesikia."

Baba, aliyelisikia mara zote mbili, aliinuka akatoka nje.