Mkwe Hauziwi Kiti

Mume wangu si bubu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakikutana naye mara ya kwanza huniuliza pembeni, kwa sauti ya pole. Maneno anayo, tena mazuri, ila huyatoa kwa ubahili kama mwenye duka anayerudisha chenji. Mimi nauza nguo za mitumba sokoni na mdomo wangu ndio duka lenyewe, kwa hiyo Mungu aliyetuunganisha alijua kugawa mzigo. Majirani humwita Baba Pacha kwa ajili ya mabinti zetu wawili, na mimi nimezoea kumwita hivyo hivyo.

Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa karakana ya samani. Alipeleka vitanda, makabati na makochi majumbani kwa watu, na kwa kuwa wabebaji hawakutosha, akawa anabeba pia. Mwishowe mgongo ukagoma. Daktari alimwonyesha picha ya mifupa yake, akamwambia lori basi, na mizigo asiiguse kabisa. Karakana ikamshukuru kwa utumishi wake, na ufunguo wa gari akapewa mwingine.

Hapo ndipo kaka yake alipopiga simu. Kaka anafanya kazi kwenye mashamba makubwa huko mbali, safari ya kulala njiani, na alikuwa amemtafutia nafasi ya kulinda ghala. Kazi ya kukaa, mshahara mzuri, chumba bure, likizo mara moja kwa mwaka. Alitaka jibu kabla ya mwezi kwisha.

"Nitakwenda," Baba Pacha aliniambia, huku akimfunga binti mmoja kamba za viatu. Ilikuwa kama anasema anakwenda dukani kununua kiberiti.

Siku hiyo mimi sikujibu kitu. Ndiyo, mimi. Mama yangu, ambaye anaishi nasi tangu baba afariki, ndiye aliyesema kutoka kwenye kiti chake: "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Lakini mama akisema neno la busara huwa anadai na chai juu yake, basi nikaenda kuinjika chai, na nilipokuwa peke yangu jikoni nikatambua kwamba naogopa. Nimewaona wanaume wanaokwenda mbali kutafuta. Wengine hurudi wageni. Watoto wao huwaamkia kwa adabu kama wanavyomwamkia mjomba, halafu wanakwenda kucheza.

Basi tangazo lilipobandikwa kwamba duka kubwa la samani mjini linatafuta wauzaji, nilimletea habari mbio.

"Wanataka mwenye uzoefu wa samani," nikamwambia.

"Mimi nilizibeba. Kubeba si kuuza."

"Utajifunza."

"Kwa nani?"

Nikamtazama tu. Akatabasamu, akaandika barua ya maombi, na baada ya muda akaitwa kwenye usaili. Tukapatana: akipata, anabaki, akikosa, anapanda basi kwenda kwa kaka yake. Muda wa kutafuta kitu kingine haukuwepo.

Nilichukua usukani wa mafunzo mimi mwenyewe. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, nilimwambia, na mteja si mgumu kuliko nyoka. Nikamfundisha kanuni zangu za sokoni: mteja usimwache apumue, akishika nguo, mwambie imempendeza kabla hajaitazama, akisema ghali, cheka kama amekutania. Akanisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa. Jioni tukafanya jaribio. Bidhaa ikawa kiti cha mbao pale sebuleni, chenye alama ya pasi kwenye mkono mmoja. Mteja akawa mama.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa akili zangu zote. Nilitaka mteja mgumu, na katika watu ninaowajua hakuna mgumu kama mama. Akigusa nyanya sokoni, muuzaji anaanza kujitetea. Nilichosahau ni kwamba mama huyo ni mkwe wake. Baba Pacha ni mtu ambaye mama akisema mvua inakuja, anaanua nguo jua likiwa linawaka. Tangu anioe hajawahi kumbishia hata kwenye jambo la chumvi.

"Karibu, mama," alianza vizuri.

"Sijaja kununua. Napita tu."

"Haya, mama."

Akanyamaza.

"Baba Pacha! Mteja anaondoka!"

"Si amesema anapita?"

Tukaanza upya. Mama akakizunguka kiti, akakibonyeza, akakunja uso.

"Hiki ni ghali."

"Ni kweli, mama."

"Na kina alama ya pasi."

"Ipo, mama. Samahani."

Nikashika kichwa. Mabinti walikuwa wamejilaza mkekani wanacheka mpaka wanashikana. Kesho yake ikawa vile vile, mteja anakosoa na muuzaji anaomba radhi. Nilisema nibadilishe, nikae mimi, lakini mama alikuwa ameshaionja kazi yake na hakutaka kuachia. Nani aliwahi kumwondoa mama kwenye kiti?

Jioni iliyofuata mama aliketi akaguna kidogo. Baba Pacha, badala ya kusema neno lolote nililomfundisha, akachuchumaa mbele yake taratibu kwa ajili ya mgongo wake.

"Mama, magoti yanaamka vipi asubuhi?"

Lahaula! Mama akaanza kuyasimulia magoti. Akasimulia la kulia, akahamia la kushoto, akaeleza viti vya ujana wake, kitanda alichozalia, na kigoda cha marehemu baba ambacho hadi leo hajui nani alikichukua. Baba Pacha alikuwa anauliza kaneno kamoja tu, halafu ananyamaza. Chakula kikapoa. Mwisho mama akainuka, akamshika bega, akaenda kunawa mikono. Kiti hakukinunua.

"Umeambiwa uuze," nikamfokea, "wewe umefungua zahanati!"

"Debe tupu haliachi kuvuma," mama akasema bila kugeuka. "Mwenzio amenisikiliza."

Nililala nimenuna. Sikuwa na hasira naye kwa kweli. Nilikuwa nahesabu moyoni ni nguo zipi zake za kufunga kwenye begi na zipi ni za kazi nzito asizozihitaji tena, na kila shati nililolifikiria lilinichoma.

Siku ya usaili nilimpigia pasi shati la bluu, nikamfunga tai ambayo tuliiazima kwa jirani. Mlangoni nikamkumbusha kanuni zote kwa mpigo mmoja. Akasema, "Nimekusikia, Mama Pacha," akaondoka akitembea wima kama alivyoshauriwa na daktari.

Alirudi mchana. Sikuhitaji kuuliza, uso ulitosha, lakini mimi nisipouliza naugua.

"Wamesemaje?"

"Watapiga simu."

"Wewe uliwaambia nini?"

"Nimeharibu."

Nilimtoa habari hiyo kipande kipande, kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Walikuwa wawili: meneja kijana mwenye karatasi za maswali, na mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba, ambaye ndiye mwenye duka. Maswali ya meneja aliyajibu. Kisha yule mama akasimama, akamwonyesha kochi kubwa la kitambaa cha kijivu, akaketi juu yake na kusema, "Haya, niuzie hili."

"Ukasema limempendeza?"

"Nilitaka. Akaniwahi, akasema ni ghali."

"Ukacheka?"

Akainamisha kichwa. "Nilisema, ni kweli, mama."

Mama yangu alikohoa pale kitini. Mimi nilikosa pa kuangalia. Umri, miwani kama ya mama yangu, hata namna ya kukunja uso, vyote alivikuta kule, na ulimi wake ukafuata njia niliyouzoeza mwenyewe hapa sebuleni. Kumbe nilikuwa nimemfundisha kushindwa, tena kwa bidii.

"Halafu?"

"Halafu meneja akaacha kuandika. Nikaona alivyoketi yule mama. Ameketi upande, ameshikilia mkono wa kochi. Nikamuuliza kama nyumbani anapata shida kuinuka."

"Akasema?"

"Akasema sana."

Alisema, kumbe, kwamba yeye mwenye duka zima la makochi, kwake jioni hukaa kwenye kiti cha meza ya chakula kwa sababu makochi yote yanammeza. Baba Pacha akamwambia kwamba hili pia litammeza, ni la chini mno kwake. Akamwomba waende kule mwisho wa ukumbi, ambako alikuwa ameona kiti kirefu cha mikono ya mbao. Yule mama akakaa, akainuka bila kushika kitu, akakaa tena. Hapo ndipo meneja alipomwambia, asante, tumemaliza.

"Nimeambiwa niuze kochi," Baba Pacha alisema akifungua tai, "mimi nikamwambia mteja asilinunue. Tena kiti chenyewe, nilipopita natoka, nikaona bei yake imelizidi kochi."

Sikumfokea. Nilimwekea chakula, akala, akashukuru. Kesho yake akashusha begi kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliacha wazi kitandani. Mabinti waliuliza ni la nani.

Simu ilipigwa akiwa anaanika nguo uani. Nilitoka nayo mbio, nikasimama karibu kiasi cha kuhesabu kope zake. Nilichosikia ni "ndiyo, mama," na "sawa, mama," na "asante, mama," maneno yale yale yaliyonitia kichaa sebuleni kwangu. Akakata. Akaendelea kushika kibanio cha nguo.

"Jumatatu," akasema.

"Jumatatu nini? Sema vizuri, utaniua!"

"Naanza kazi Jumatatu. Anasema kiti kile amekipeleka kwake."

Nilipiga kigelegele kilichomleta jirani mpaka ukutani. Mama akataka aelezwe, akaelezwa, akataka aelezwe tena. Mabinti walirukaruka bila kujua sababu, kisha wakagombana nani aliruka kwanza. Kumbe huo nilioutukana ndio uuzaji wake, nami na mdomo wangu wa sokoni nilikuwa siuoni. Nilimwambia hivyo, waziwazi, na akacheka.

Ikabaki kumpigia kaka. Alipiga mbele yetu sote, na kaka ana sauti ya shambani, hata bila spika ilisikika.

"Mdogo wangu, fikiri vizuri. Huko utaanza na mshahara gani? Huku ni karibu mara mbili."

"Ni kweli, kaka."

Moyo ukanishuka. Nilimjua, na nilijua sentensi hiyo hufuatwa na nini. Nikajiandaa kumnyang'anya simu nimjibu kaka mwenyewe. Baba Pacha akageuka akaniangalia.

"Huko pesa ni nyingi, sikatai," akasema. "Lakini hapa nikirudi jioni, mke wangu ananiuliza umekula nini, umeonana na nani, amesema nini, wewe ukasemaje. Kila jioni. Huko ghalani nani ataniuliza?"

Kaka akasema sawa, akamsalimu mama, wakaagana.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na mkono umenyooka, tayari kupokea simu. Kwa miaka yote hiyo nilidhani anayavumilia tu maswali yangu. Mama alinitazama akisubiri niseme kitu, na mabinti nao wakanitazama, lakini sikuwa na la kusema.