Asumini Kwenye Dashibodi

Kosa langu la mwanzo katika kazi hii nililifanya kwa mdomo, si kwa bisibisi: nililaumu maua kabla sijapima kitu.

Ufundi wa AC za magari nilijifunza peke yangu, kwa video za simu, na nilikuwa naogopa kuonekana sijui kuliko nilivyoogopa kukosea. Siku moja mzee jirani yetu, pale Jang'ombe, akaniletea gari lake. Feni ya AC haikupuliza ila ukiiweka namba nne, ya mwisho. Mkewe alikaa kiti cha mbele. Kila Ijumaa aliweka kikuba, kile kishada cha asumini na mrehani, juu ya dashibodi, na gari likinukia mpaka Jumatatu.

Nikaivua feni. Ndani mlikuwa na maua manne makavu, yameingia kwa matundu ya hewa ya kioo cha mbele.

"Umeona nini?" mzee akauliza.

Nilipaswa kusema sijajua bado. Nikasema, "Haya maua, babu. Yameikwamisha."

Mzee akacheka. "Nshamwambia, gari si chumba cha bi harusi."

Bibi alikichukua kikuba akakitia mkobani.

Nikasafisha, nikarudisha. Bado namba nne tu. Nikaomba niachiwe gari, na walipoondoka ndipo nilipotoa mita ya kupimia umeme. Rizista, kile kifaa kidogo kinachopunguza kasi ya feni kwa namba tatu za chini, ilikuwa imeungua, na plagi yake imeshika kutu. Feni iliyokwama isingepuliza hata hiyo namba nne. Hilo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo.

Nikabadilisha rizista, nikarudisha gari. Mzee alinishukuru mbele ya mkewe. Juu ya maua sikusema neno.

Ilinichukua miezi kwenda kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Yale maua hayakuwa na kosa. Nilisema uongo."

"Najua. Maua manne yasimamishe feni?"

"Mbona hukusema?"

"Ungeaibika mbele ya mzee. Ndo kwanza unaanza kazi."

Nikamwomba akirudishe kikuba chake kwenye dashibodi. Akatikisa kichwa. "Nshaacha. Mzee kila akiona asumini sasa anacheka."

Siku hizi napima kwanza, na nikiwa sijajua nasema sijajua, hata mwenye gari akinuna. Gari la mzee linapuliza namba zote nne. Halinukii kitu.