Shangazi Aliyechanja Ndui Al Qabil

Simu iliita ofisini kwetu Maskati, Omani, Jumatatu asubuhi, mwaka 1984. Alikuwa kaka yangu Humoud, anapiga kutoka Ibra.

"Inna lillahi. Shangazi Mahfoudha hatunaye. Anazikwa kijijini kwake Al Qabil baada ya sala ya alasiri. Wahi."

Nilitoka bila ya kuaga. Mwaka mmoja nyuma shangazi alinishika mkono akaniambia, "Binti yangu, mimi sikuzaa. Nikifa uje unioshe wewe, nisioshwe na watu baki."

Hao watu baki alikaa nao miaka kumi na mbili. Alitoka Unguja, alikokuwa muuguzi, na Kiarabu chake kilikuwa cha msahafuni tu. Akapewa kazi ya kupita vijijini kuchanja watu wasipate ndui. Siku ya kwanza Al Qabil alibisha kwa Bi Wadha. Sisi kwa Kiswahili tunasema kuchanja, yeye akatafuta neno la Kiarabu la kukata ngozi, akalitamka kwa adabu zote: "Nimekuja kuwajeruhi watoto wako."

"Kamjeruhi mumeo!" Wadha akaubamiza mlango.

Shangazi hakuondoka. Alipandisha mkono wa nguo, akangoja juani. Wadha akachungulia, akaona kovu la chanjo.

"Liliuma?"

"Kidogo. Ulimi wangu ndio unaoumiza zaidi."

Wadha alicheka mpaka akafungua. Watoto wanne wakachanjwa, kisha mtaa mzima, na hapana hata mmoja wao aliyepata ndui, alhamdulillahi.

Lakini moyo wake haukuhama Unguja. Nikimtembelea huniuliza kama mvua imenyesha kwetu, kama kwamba ndiko nilikotoka. Akichuma ndimu huinusa, akasema, "Si kama zetu."

Nilifika adhuhuri imekwisha adhiniwa. Bi Wadha alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Maji tayari," alisema. "Nimewazuia wote wasimguse. Alisema mpaka uje wewe."

"Mama, ingia tumuoshe pamoja," nikamwambia.

Yeye alimimina maji, mimi nikamuosha, upande wa kulia kwanza. Tukamtia kafuri, tukamvisha sanda. Nilimbusu kipaji cha uso, kikiwa baridi. Baada ya alasiri Humoud na wanaume wa mtaa wakambeba. Sisi wanawake tulibaki mlangoni tukimwombea, mpaka wakapinda kona ya ukuta wa shamba la mitende.