Nanga ya Fundi Cherehani

Mtaani wanamwita Nahodha Sindano. Ni baba yangu mdogo, fundi cherehani, na kwa vile ana boti ndogo ya kupumzikia ziwani, watu wamempandisha cheo bure.

Boti aliinunua kwa ajili ya mama mdogo, aliyevumilia kelele za cherehani maisha yake yote ya ndoa. Safari ya kwanza, nanga ilikuwa nyepesi, ya kukunjwa kama mwavuli. Muuzaji aliisifia, baba mdogo akaingia mkenge. Wakiwa wanakula, nanga ikateleza juu ya tope. Walipoinua macho, wamekwama kwenye matete. Mama mdogo alirudi nyumbani na kiatu kimoja.

"Mimi na hiyo boti yako, basi tena!"

Nilidhani baba mdogo ataiuza boti. Kumbe alikuwa anawaza.

"Nilinunua sindano kabla ya kushika kitambaa," aliniambia kesho yake, huku anakata suruali ya mteja. Jioni akafunga kopo zito kwenye kamba, akalipaka sabuni kwa chini ili linase chochote kilichoko huko, akalishusha ziwani. Likarudi limegandwa na tope. Ndipo akanunua nanga nzito yenye umbo la jembe, inayojichimbia, na mnyororo wa kuilaza chini ili ing'ate tope.

Sasa anaitunza kama mtoto mchanga. Ikitoka majini anaiosha, anakagua pingu inayoiunga na mnyororo, anafunga waya ili pini isilegee. Kamba ameishonea turubai pale inaposuguana na ukingo wa boti, mshono ambao sisi wateja wake hatujawahi kuuonja.

Nanga hulala chini ya meza ya kukatia, na mama mdogo hujikwaa hapo kila mara. Jumapili moja alijikwaa, akainama, akaitikisa pingu mwenyewe; haikucheza.

"Haya, twende. Lakini nikizama, nisikuone msibani kwangu."

Tukaenda watatu. Baba mdogo alishusha nanga, akaachia kamba ndefu, akarudisha boti nyuma mpaka kamba ikakaza. Mama mdogo alikaa na viatu miguuni na mkoba mapajani, akikodolea macho tangi la maji huko ufukoni, lililojificha nyuma ya mti. Likichomoza tu, ujue nanga imeteleza na tunasogea. Baba mdogo hakugusa chakula.

Tangi halikuchomoza. Mama mdogo akaweka mkoba chini, akavua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akamwekea mumewe miguu mapajani.

"Msiniamshe," akasema.